Wakaguzi wa wanyama nchini Uingereza: sare wanayo, mamlaka hawana

Wengi kati yenu mnaoishi katika miji ya London, Leicester au Cardiff huenda mmewahi kumwona mtu aliyevaa sare ya buluu iliyoiva, mwenye alama za cheo mabegani, akishuka kutoka kwenye gari dogo la mizigo na kubisha hodi nyumbani kwa jirani. Kwa kumtupia jicho tu, mtu angemdhania kuwa ni askari polisi. Siye. Ni mkaguzi wa Shirika la Kifalme la Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, lijulikanalo kwa kifupi kama RSPCA, na jambo la msingi kuhusu kazi yake ni lile ambalo majirani wengi hawalijui: mlango huo anaoubisha hana haki ya kuufungua.

Mkaguzi huyu hana uwezo wa kumkamata mtu kama alio nao polisi. Hawezi kuvunja kufuli. Hawezi kumchukua mbwa aliyekonda akabaki mifupa mitupu iwapo mwenyewe hakuridhia. Mwenye nyumba akimtaka aondoke katika eneo lake, sheria inamtaka aondoke. Hata hivyo, kwa karne mbili sasa shirika hili, ambalo ni la hisani na si idara ya serikali, limewafikisha watu wengi mno mbele ya mahakimu wa England na Wales kuliko taasisi nyingine yoyote inayoshughulikia ukatili kwa wanyama. Katika makala haya tunaangalia namna kazi hiyo inavyofanyika, mafunzo yanayohitajika, na sababu za kuwapo kwa mabishano juu yake.

Ilivyoanza: punda mahakamani

Mnamo mwaka 1822, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopewa jina la utani la Sheria ya Martin, kutokana na Richard Martin, mbunge wa Galway, Ireland, aliyeipigania huku wenzake wakimcheka. Sheria hiyo iliwalinda ng'ombe, kondoo, farasi, nyumbu na punda dhidi ya kupigwa na kuteswa, na mkosaji alitozwa faini isiyopungua shilingi 10 na isiyozidi pauni 5. Mbwa na paka hawakutajwa. Majogoo na fahali waliokuwa wakipiganishwa kwa burudani ya umati nao walisubiri hadi mwaka 1835.

Simulizi mashuhuri, ambayo ilichorwa hata katika picha, inaeleza jinsi Martin alivyomshtaki mchuuzi mmoja wa mboga kwa kumpiga punda wake, na mahakama ilipoonekana kutojali, akaagiza punda mwenyewe aletwe ili majeraha yake yaonekane. Ukiyaondoa mapambo ya simulizi, kinachobaki ni fikra ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya kazi ya mkaguzi: mnyama hawezi kutoa ushahidi kwa kinywa, kwa hiyo mwili wake ndio unaosema, na lazima awepo mtu wa kuusoma.

Juni mwaka 1824, katika mkahawa mmoja wa kahawa jijini London, kasisi Arthur Broome aliwakutanisha watu kadhaa, akiwemo Martin na pia William Wilberforce, yule yule aliyejulikana kwa kupinga biashara ya utumwa. Shirika likazaliwa. Broome alikuwa amekwisha kuwalipa kwa fedha zake mwenyewe watu wa kuzungukia soko la mifugo la Smithfield, na katika mwaka wa kwanza walifikishwa mahakamani watu 63. Kumbuka, msikilizaji, kwamba polisi wa jiji la London walianzishwa mwaka 1829. Wakaguzi wa wanyama waliwatangulia kwa miaka mitano. Broome mwenyewe hakufaidi: mwaka 1826 alifungwa jela kwa sababu ya madeni ya shirika. Neno "Kifalme" liliongezwa mwaka 1840 kwa ridhaa ya Malkia Victoria.

Sheria iliyobadilisha kazi

Kwa muda mrefu wa karne ya 20, mkaguzi alifanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1911. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilimwadhibu mtu aliyekwisha kumtesa mnyama. Mkaguzi aliyemkuta farasi katika uwanja wenye matope, bila majani, bila maji safi, na majira ya baridi yamekaribia, aliweza kutoa ushauri tu. Alijua yatakayotokea. Alirudi baada ya wiki, akarudi tena, na mahakama ilikuwa na la kusema pale tu farasi alipokwisha kudhoofu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya 1911 ilisubiri ukuta uanguke.

Hali hiyo ilibadilika kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Mbali na kuendelea kukataza mateso yasiyo ya lazima, sheria hiyo ilimpa kila mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Wajibu huo umejengwa juu ya mahitaji matano: makazi yanayofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya kawaida, kuwekwa pamoja na wenzake au mbali nao kulingana na maumbile yake, na kulindwa dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi. Asili ya fikra hizi ni ripoti ya tume iliyoongozwa na Profesa Brambell mwaka 1965, ambayo iliundwa baada ya mwandishi Ruth Harrison kuwashtua Waingereza mwaka 1964 kwa kitabu chake kuhusu mifugo inayofugwa kiwandani.

Kwa lugha nyepesi, mkaguzi wa leo hahitaji kungoja mnyama aumie. Sungura aliyefungiwa peke yake ndani ya kisanduku asichoweza hata kujinyoosha, ingawa ameshiba na hana jeraha, tayari ni suala la kisheria. Adhabu ya kushindwa kutimiza wajibu huo ni kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa mateso yenyewe, kifungo cha juu kilikuwa pia miezi 6 hadi Juni 2021, kilipopandishwa kuwa miaka 5. Kwa hiyo, kwa miaka mingi mtu aliyemchoma paka moto kwa makusudi hakuweza kufungwa zaidi ya nusu mwaka.

Mlangoni

Sasa turudi kwenye ule mlango. Mkaguzi amepigiwa simu kwamba mbwa amesikika akilia kwa siku tatu. Anabisha hodi. Silaha yake kubwa katika dakika hiyo ni ulimi. Akianza kwa vitisho, mlango utafungwa na mbwa atabaki ndani. Akianza kwa upole, mara nyingi atakaribishwa, na mara nyingi zaidi atamkuta si katili bali mtu aliyezidiwa: mzee anayesahau, mama aliyefiwa, kijana asiye na fedha za daktari wa mifugo. Sehemu kubwa ya ziara humalizika kwa maelekezo, ahadi na tarehe ya kurudi. Hayo ndiyo mafanikio ya kazi hii yasiyoandikwa magazetini.

Pale upole usipofaa, utaratibu hubadilika. Mkaguzi humwita polisi, kwa kuwa kifungu cha 18 cha sheria ya 2006 kinampa uwezo askari polisi, au mkaguzi aliyeteuliwa na halmashauri, kumchukua mnyama anayeteseka au anayeelekea kuteseka. Ikiwa ni lazima kuingia nyumbani kwa mtu, kwa kawaida huombwa hati kutoka kwa hakimu. Kadhalika daktari wa mifugo hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba mnyama anateseka au atateseka hali isipobadilika. Hivyo basi katika tukio moja huwapo watu watatu: polisi mwenye mamlaka, daktari mwenye elimu, na mkaguzi mwenye gari, kamba, kizimba na subira. Polisi huchukua, kisha humkabidhi mkaguzi.

Kuanzia hapo kazi inakuwa ya ushahidi, na ni kazi ya uangalifu mno. Unene wa mnyama haukadiriwi kwa macho tu. Kuna vipimo: farasi hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, mbwa kuanzia 1 hadi 9, kwa kupapasa mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Picha hupigwa kutoka mbali kwanza, kisha karibu. Bakuli tupu hupigwa picha, na pia mfuko wa chakula uliojaa uliokuwa juu ya rafu, maana huo unaonyesha kwamba chakula kilikuwapo. Mkanda wa shingoni uliomea ndani ya ngozi hutolewa na daktari, hutiwa mfukoni, hufungwa na kupewa namba, na kila mkono unaoupokea husaini. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi atauliza: mna hakika gani huu ndio mkanda wenyewe?

Kisha kuna tatizo ambalo wapelelezi wengine hawalijui. Kisu cha mauaji hufungiwa kabatini hadi siku ya kesi. Mbwa hafungiwi kabatini. Anakula, anaugua, pengine anazaa, na kesi inaweza kuchukua miezi mingi. Gharama zote hizo ziko juu ya shirika, ingawa sheria inaruhusu kuiomba mahakama itoe amri ili mnyama apatiwe makazi mapya kabla ya hukumu.

Aidha mkaguzi anapomhoji mshukiwa hufungwa na Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, kwa sababu kanuni zake zinamhusu yeyote mwenye jukumu la kuchunguza makosa. Lazima amwonye kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba kunyamazia jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani kunaweza kumdhuru. Lazima ahakikishe kwamba ameelewa. Kwa wasikilizaji wetu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, hapa pana jambo la kuzingatia: mahojiano ya namna hii ni ya kisheria, si mazungumzo ya kirafiki, na mtu anayo haki ya kutaka mkalimani na wakili.

Mafunzo

Wanaotaka kazi hii ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Si lazima uwe daktari wa mifugo wala uwe na shahada ya chuo kikuu. Kinachotakiwa ni leseni ya udereva, afya na nguvu za mwili, uwezo wa kuogelea, kutoogopa kimo, uandishi mzuri wa ripoti, na utayari wa kuhamia popote utakapopangiwa. Mafunzo huchukua miezi kadhaa, mwanafunzi akiwa analipwa mshahara, sehemu darasani na sehemu barabarani akifuatana na mkaguzi mzoefu.

Darasani husomwa sheria, uandishi wa maelezo ya mashahidi na namna ya kusimama kizimbani. Nje hufundishwa kumshika mnyama bila kumuumiza wala kuumizwa: nyoka aliyetoroka kwenye kasha lake, batamaji mwenye mbawa nzito, sili aliyetupwa ufukweni, mbweha aliyenasa kwenye uzio, kalunguyeye aliyeangukia shimoni. Hufundishwa kushuka mwambani kwa kamba na kuendesha boti katika maji ya mafuriko. Meli ya mafuta ya Sea Empress ilipokwama pwani ya Wales mwezi Februari 1996 na kumwaga maelfu ya tani za mafuta, ndege wa baharini walikusanywa mmoja mmoja kwa mikono ili wakaoshwe.

Na hufundishwa kuua. Hili ndilo somo ambalo waombaji wengi hawalitarajii. Mtu anayeipenda kazi hii kwa kuwa anawapenda wanyama atalazimika, pengine kando ya barabara usiku wa manane, kumwondolea uhai paa aliyevunjika uti wa mgongo, haraka na bila maumivu ya ziada. Baadhi ya wanafunzi huacha hapo. Binafsi naona ni heri mtu aache mafunzoni kuliko aje kusitasita mbele ya mnyama anayekata roho.

Mambo mengine hayana somo. Mkaguzi mara nyingi hufanya kazi peke yake, hutukanwa, wakati mwingine hushambuliwa, na jioni hurudi nyumbani na harufu ya nyumba aliyotoka kuikagua. Idadi yao ni mamia machache tu kwa England na Wales nzima.

Nani ashtaki?

Kwa mujibu wa sheria za England na Wales, mtu au shirika lolote linaweza kufungua kesi ya jinai bila kupitia kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Haki hiyo ni ya kale, na RSPCA imeitumia kuliko wengine wote. Hapo ndipo lawama zinapoanzia. Mwaka 2012 shirika lilikishtaki kikundi cha uwindaji cha Heythrop kwa kuwinda mbweha kwa mbwa, kinyume cha sheria ya mwaka 2004. Kikundi kilikiri kosa, lakini gharama za mashtaka zilizidi pauni 320,000, na jaji mwenyewe alistaajabu. Wakosoaji waliuliza iwapo fedha hizo, zilizochangwa na wapenda wanyama, hazingefaa kulipia matibabu. Wengine walidai kwamba shirika linalokusanya michango kwa kutangaza ukatili lisingepaswa kuwa ndilo linaloamua nani ashtakiwe.

Mwaka 2014 mapitio huru ya Stephen Wooler, aliyewahi kuwa mkaguzi mkuu wa ofisi ya waendesha mashtaka, yalitaka mabadiliko katika uamuzi wa mashtaka. Mwezi Novemba 2016 kamati ya Bunge ilipendekeza RSPCA isiwe tena mshtaki wa kwanza iwapo yupo mwingine wa kufanya hivyo. Pendekezo hilo lina mantiki, lakini lina shimo: huyo mwingine ni nani? Polisi wana mauaji na wizi, halmashauri zimepunguziwa fedha, na mbwa aliyefungwa kwenye baraza hana mpiga kura wa kumtetea.

Scotland wamechukua njia nyingine. Huko lipo shirika lao, lililoanzishwa mwaka 1839, na sheria ya Scotland ya mwaka 2006 inaruhusu wakaguzi wake kupewa uwezo wa kisheria ambao wenzao wa kusini hawana. Lakini hawashtaki. Hupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka wa dola, naye huamua. Wa kusini ana haki ya kushtaki bila uwezo wa kuingia. Wa kaskazini ana uwezo wa kuingia bila haki ya kushtaki.

Isisahaulike pia kwamba wapo wakaguzi wa serikali. Mbwa wanaozurura ni jukumu la halmashauri, ambayo humweka mbwa siku 7 akingoja mwenyewe. Wafugaji wa mbwa wa kuuza, maduka ya wanyama na vituo vya kuwatunza wakati wa likizo huhitaji leseni chini ya kanuni za mwaka 2018, na anayewakagua lazima awe na cheti kinachotambulika. Machinjioni, ikiwemo mahali panapochinjwa kwa taratibu za Kiislamu na Kiyahudi, huwapo daktari wa mifugo wa serikali. Wasikilizaji wanaofikiria kumchinja mbuzi wa Idi uani kwao wajue kwamba uchinjaji wa kidini bila kumzimisha mnyama kwanza unaruhusiwa tu katika machinjio yaliyoidhinishwa.

Afrika Mashariki

Mfumo huu ulivuka bahari pamoja na ukoloni. Chama kinachojulikana leo kama KSPCA mjini Nairobi kilianza mwaka 1910 kwa jina la Afrika Mashariki. Tanzania ilipitisha Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, miaka miwili tu baada ya ile ya Uingereza, na ndani yake inazungumzia wakaguzi.

Lakini mahali panapofaa kutazamwa ni Lamu, mji ambao mizigo yake hubebwa na punda kwa kuwa vichochoro vyake haviruhusu magari. Tangu mwaka 1987 ipo zahanati ya punda iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary. Hapo hakuna hati ya hakimu wala polisi nje ya mlango. Mwenye punda huja mwenyewe kwa hiari, na wakati wa kumtibu mnyama kidonda cha mgongoni ndipo mazungumzo hufanyika: uzito wa mchanga, mahali kamba inapokwaruza, siku za kumpumzisha. Punda ndiye mkate wa nyumba hiyo; kumnyang'anya mtu punda wake ni kumnyang'anya mkate.

Katika miaka ya karibuni tishio limekuwa jingine. Ngozi ya punda hutengenezwa dawa ya asili ya Kichina iitwayo ejiao, na mahitaji yake yamesababisha punda kuibiwa usiku na kuchunwa vichakani. Mwezi Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ili azimio hilo litekelezwe, kila nchi italazimika kuandika sheria yake yenyewe, na ndani yake kumtaja mtu atakayesimama mpakani na kwenye mageti ya machinjio, na kusema wazi iwapo atakuwa na haki ya kufungua lori lililofunikwa turubai au itambidi aombe ruhusa ya dereva.